Pampu ya joto ya kasi moja au ya inveta: tofauti iko kwenye saketi

Wanaochagua pampu ya joto ya nyumbani huangalia ufanisi na bei. Saketi za umeme huachiwa fundi siku ya kufunga, wakati mtambo umeshalipiwa na pengine kebo imeshafukiwa ukutani. Hapo umechelewa. Saketi ndizo zinazoamua kebo iwe na unene gani, ni kifaa gani kitakufa kwanza, na kikifa utanunua kapasita moja au bodi nzima ya elektroniki.

Msimamo wetu ni huu. Kama umeme wa nyumba ni dhaifu, kama kebo kutoka kwenye paneli ya breka ni ndefu, au kama unategemea jenereta au betri za sola, chukua inveta, yaani mtambo unaopandisha na kushusha kasi ya kompresa, bila kusita. Kama umeme wako ni imara lakini mafundi wanaojua bodi hawapatikani na vipuri vinachukua wiki kadhaa kufika, mtambo wa kasi moja bado una hoja nzito, hata kama kwenye karatasi unaonekana wa kizamani.

Vipimo vinavyotajwa humu vinafanywa na mtu anayejua kazi ya umeme. Mwenye nyumba anaweza kuvisoma ili amwelewe fundi wake na ajue cha kumwuliza.

## Umeme unavyofika kwenye kompresa

Mitambo yote miwili ina kompresa, feni ya nje, vali ya kugeuza inayoelekeza gesi ili mtambo upashe joto au upoze, sensa za joto, na utaratibu wa kuyeyusha jalidi kwenye koili ya nje. Kinachotofautiana ni njia ya umeme hadi kwenye kompresa, na nani anayetoa amri.

Kwenye mtambo wa kasi moja njia ni fupi. Umeme wa volti 230 unafika kwenye kontakta, swichi inayovutwa na koili ya sumaku. Kontakta ikivutwa, umeme unaingia moja kwa moja kwenye kompresa. Kapasita ya kuendeshea, kwa kawaida kati ya mikrofaradi 25 na 60, inaipa koili ya kuwashia mkondo uliotangulia kidogo ule wa koili kuu, na tofauti hiyo ndiyo inayoisokota mota. Kompresa inazunguka kwa kasi yake yote au imesimama, hakuna katikati.

Kwenye inveta umeme unabadilishwa mara mbili. Kwanza diodi zinaufanya kuwa DC, umeme unaokwenda upande mmoja: volti 230 za ukutani huwa karibu volti 325. Mitambo mingi huipandisha zaidi, hadi volti 350 au 390 hivi, kwa saketi ya kurekebisha kipengele cha nguvu (power factor). Umeme huo hukaa kwenye kapasita kubwa, kisha moduli yenye transista sita huukatakata na kuutoa kama umeme wa fezi tatu wenye masafa yanayopanda na kushuka. Ndiyo maana kompresa ya inveta ina nyaya U, V na W hata kama nyumba nzima ina fezi moja tu.

Kutokana na hapo, mambo mengine yote yanafuata.

## Sekunde ya kwanza ya kuwaka

Kompresa ya kasi moja, kwa muda mfupi kabla mota haijashika mwendo, huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida. Kwenye kibandiko cha mtambo namba hiyo huandikwa LRA. Usiipuuze, kwa sababu ndiyo inayoamua kebo.

Chukua mtambo unaovuta ampea 14 ukiwa kazini na ampea 70 unapowaka, ukiwa mita 30 kutoka kwenye paneli. Ukinzani wa shaba ni takriban omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wenye eneo la milimita mraba moja. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo urefu ni mita 60.

| Kebo | Upungufu kazini (A 14) | Upungufu wakati wa kuwaka (A 70) | Volti zinazobaki kutoka 230 |
|---|---|---|---|
| mm² 2.5 | V 5.9 | V 29.4 | 200.6 |
| mm² 4 | V 3.7 | V 18.4 | 211.6 |
| mm² 6 | V 2.5 | V 12.3 | 217.7 |

Kebo ya mm² 2.5 inabeba ampea 14 bila kupata moto, na fundi anayeangalia hilo peke yake ataifunga akiwa na amani. Lakini kompresa nyingi zinataka volti zisishuke zaidi ya asilimia 10, yaani zisiwe chini ya 207. Kwa volti 200 nguvu ya kusokota inapungua karibu robo, kwa kuwa inafuata mraba wa volteji. Kompresa inanguruma, haizunguki, kinga ya joto iliyo ndani yake inakata, na baada ya muda inajaribu tena. Mwenye nyumba anaambiwa kompresa imekufa, kumbe kebo ni nyembamba.

Na hesabu hiyo imeanza na volti 230 kamili. Zikifika 220 kwenye paneli, hata mm² 4 inakuacha na volti 201.6, ni mm² 6 tu inayobaki juu ya mstari, tena kwa nywele moja.

Inveta haina mruko huo. Inaanza kwa masafa ya chini na mkondo unapanda taratibu mpaka kiwango kinachohitajika. Kwa urefu uleule wa mita 30 na mkondo uleule wa juu wa ampea 14, kebo ya mm² 2.5 inapoteza volti 5.9 basi. Taa hazipepesi. Kuna jambo moja la kukumbuka: inveta hulinda kiasi cha kazi, si kiasi cha mkondo. Volteji ikishuka, inavuta ampea zaidi ili itoe nguvu ileile, kilowati 3.2 ni ampea 14 kwa volti 230 lakini ni ampea 16 kwa volti 200. Kebo na breka zichaguliwe kwa mkondo wa juu kabisa ulioandikwa kwenye kibandiko, kamwe si kwa ule wa wastani.

Kwa jenereta tofauti inakuwa kubwa zaidi. Ampea 70 kwa volti 230 ni zaidi ya kVA 16 kwa kitambo kidogo, ili kuwasha mtambo ambao kazini unatumia kilowati 3.2. Jenereta ya kVA 5 inayoizungusha inveta bila taabu itazimika mbele ya mtambo wa kasi moja. Vivyo hivyo kwa kigeuzi cha betri za sola.

Kuna vifaa viwili vinavyouzwa kama dawa ya tatizo hili, na watu huvichanganya. Kapasita ya kuwashia pamoja na rilei yake huongeza nguvu ya kusokota na kufupisha muda wa kuwaka. Mkondo wenyewe haupungui sana. Kifaa cha kuwasha taratibu, chenye elektroniki ndani, ndicho kinachoupunguza mkondo. Kama shida yako ni jenereta, cha kwanza hakitakusaidia kitu.

## Amri: volti 24 au lugha ya bodi

Hapa mtambo wa kasi moja unapendeza. Transfoma ndogo, mara nyingi ya VA 40, inatoa volti 24, na amri zote ni waya kuwa na umeme au kutokuwa nao. R ni chanzo, C ni njia ya kurudi, Y inaita kompresa, G inaita feni ya ndani, O au B inaita vali ya kugeuza, W2 au AUX inaita hita ya akiba. Kidhibiti joto cha ukutani ni swichi zinazounganisha R na hizo nyingine.

Umeme wa Y haufiki kontakta moja kwa moja. Unapita kwenye swichi ya shinikizo la juu, swichi ya shinikizo la chini, na kichelewesho cha dakika 3 hadi 5 kinachozuia kompresa kuwaka tena kabla shinikizo halijasawazika. Vyote vimefungwa kwa mfululizo, kwa hiyo kimoja kikifunguka kontakta inaachia. Kwa fundi hii ni raha tupu: weka ncha nyeusi ya multimeta kwenye C, kisha tembeza nyekundu kuanzia R, kwenda Y, baada ya swichi ya kwanza, baada ya pili, hadi kwenye koili ya kontakta. Volti 24 zinapotoweka, kosa liko kati ya hapo ulipo na pale ulipotoka. Kama zinafika kwenye koili lakini kontakta haivuti, pima omu za koili umeme ukiwa umezimwa. Koili iliyokatika haisomi kitu.

Matatizo yake ni machache na yanajulikana. Sisimizi na wadudu wengine huingia kati ya miguso ya kontakta na kuizuia isigusane. VA 40 kwa volti 24 ni ampea 1.67 tu; ukiongeza vali za vyumba na kidhibiti cha kisasa kinachokula umeme wa C saa zote, volteji inashuka, kontakta inatetemeka, na miguso inaungua mpaka inashikana kabisa. Mtambo usiozimika hata kidhibiti kikiwa kimezimwa, angalia hapo kwanza. Fyuzi ya ampea 3 au 5 kwenye bodi ya ndani hukatika waya wa 24 unapogusa bati. Usiweke kubwa zaidi, transfoma ndiyo itakayoungua badala yake.

O na B zinasumbua wengi. Kwenye mtambo wa O, vali hupewa umeme wakati wa kupoza. Kwenye wa B, wakati wa kupasha joto. Kidhibiti kikiwekwa kinyume, nyumba inapozwa ulipoomba joto. Tofauti hii ina uzito wakati wa kununua: kwenye mtambo wa O, koili ya vali ikikatika, mtambo unabaki upande wa joto. Mahali pa baridi kali hiyo ndiyo hitilafu unayotaka kuwa nayo kuliko nyingine.

Inveta hazisemi hivyo. Kwenye mitambo ya kugawanyika, kati ya ndani na nje kuna nyaya nne: laivu, nyutro, mawasiliano na ethi. Waya wa mawasiliano hubeba mapigo yanayopimwa dhidi ya nyutro, au laivu kwa baadhi ya miundo, na hapo ndipo kosa la kawaida kabisa la ufungaji linapozaliwa. Fundi akibadilisha laivu na nyutro kwenye upande mmoja, taa zinawaka, feni pengine inazunguka, lakini baada ya dakika chache skrini inatoa kosa la mawasiliano. Hakikisha terminali 1, 2 na 3 za ndani zimefika 1, 2 na 3 za nje, na kwamba kebo haina kiungo katikati. Kiungo kilichoingia maji kinaweza kupitisha umeme wa kuendesha mtambo na bado kikaharibu mapigo.

Kipimo cha haraka ni kuweka multimeta kwenye DC kati ya waya wa mawasiliano na nyutro. Namba zikicheza juu na chini, bodi zinazungumza. Zikikaa sifuri au zikiganda mahali pamoja, upande mmoja ni bubu. Kujua upi ni bubu kunahitaji mwongozo wa mtambo wenyewe, kwa sababu kila mtengenezaji ana volteji zake.

Mitambo inayopasha maji ya mfumo wa nyumba mara nyingi hutumia waya mbili za volteji ndogo kati ya kidhibiti na mtambo. Zisokotwe, zisipitishwe kwenye bomba moja na kebo za umeme, na kama zina wavu wa kinga, wavu huo uungwe kwenye ethi upande mmoja tu. Ukiungwa pande zote mbili, mkondo unapita kwenye wavu wenyewe na kuleta kelele uliyotaka kuizuia.

Kuna kosa la uchaguzi hapa ambalo halionyeshi alama yoyote kwenye skrini. Mtu ananunua inveta, kisha anataka kidhibiti joto alichokizoea. Fundi anakiunga kwenye terminali ya kuwasha na kuzima, na mtambo unatii. Lakini sasa bodi inapata habari mbili tu, washa au zima, na haijui chumba kimebakiza nusu digrii au digrii nne. Inakimbia juu, inazimwa, inakimbia tena. Umelipia inveta ukabaki na tabia za kasi moja. Kama huna nia ya kutumia kidhibiti cha mtengenezaji, au kinachozungumza lugha ya bodi yake, sababu nzuri ya kununua inveta imepungua sana.

## Ikiharibika

Kwa kasi moja, vifaa vinavyokufa zaidi ni kapasita na kontakta. Vyote viwili vinauzwa kwa vipimo vya kawaida bila kujali chapa, na kubadilisha kimoja si kazi ya saa nzima.

Kapasita yenye terminali tatu, C, HERM na FAN, ni mbili ndani ya kopo moja: kubwa ya kompresa na ndogo ya feni. Itoe umeme wake kwanza kwa kipingamizi cha kilo-omu 20, wati 5, si kwa bisibisi. Kisha pima. Iliyoandikwa 40 kwa uvumilivu wa asilimia 5 inapaswa kusoma kati ya 38 na 42. Ikisoma 33 itaendelea kuwasha mtambo siku za kawaida, halafu itashindwa siku ya shida. Volteji ya kapasita mpya iwe sawa au juu zaidi: 440 mahali pa 370 ni sawa, kinyume chake hapana.

Kompresa yenyewe ina terminali C (ya pamoja), S (ya kuwashia) na R (ya kuendeshea), zisizohusiana na C na R za volti 24. Pima zote tatu: omu za S–R lazima ziwe jumla ya C–S na C–R. Kwa mfano 0.8 na 2.2 zitoe 3.0. Ukikuta S–R inasoma vizuri lakini C haisomi popote, kinga ya ndani imekata kwa joto. Iache ipoe, inaweza kuchukua saa kadhaa, kabla ya kuihukumu. Kompresa nzima nyingi hutupwa kwa kukosa subira hii.

Tahadhari: kontakta nyingine hukata waya mmoja tu. Mahali ambapo nyaya zote mbili ni hai, kama kwenye mfumo wa Marekani wa volti 240, terminali za kompresa zinabaki na umeme hata mtambo ukiwa umezimwa na kidhibiti. Zima kwenye swichi ya nje, kisha hakikisha kwa kipimo.

Kwa inveta mpangilio ni mwingine. Zima, subiri angalau dakika 10, kisha pima DC kwenye kapasita kubwa kabla ya kugusa chochote. Volti 325 hazisamehi, na taa ndogo kwenye bodi ikizimika si uthibitisho wa lolote.

Baada ya hapo chomoa U, V na W na upime kompresa: jozi zote tatu zisome sawa, mara nyingi kati ya nusu omu na omu chache. Jozi moja ikitofautiana, kompresa ina tatizo. Pima kati ya kila waya na bati kwa kipima uhami cha volti 500, nyaya zikiwa nje ya bodi. Ukisahau kuzichomoa utaua transista ulizokuja kuzipima. Kisha weka multimeta kwenye alama ya diodi na upime kutoka P na N za moduli (chanya na hasi ya DC) kwenda U, V na W. Vipimo sita vinapaswa kulingana, kwa kawaida kati ya volti 0.3 na 0.7 kwa upande unaopitisha. Kimoja kikisoma sifuri, moduli imepasuka ndani.

Mpaka hapa hujagusa sensa. Nyingi kwenye koili na hewa ni za kilo-omu 10 kwa nyuzi 25, na ukinzani unapanda joto linaposhuka. Sensa iliyoteleza kidogo haitoi kosa; inadanganya. Mtambo unayeyusha jalidi ambalo halipo, au unaacha barafu ijae.

Feni ya nje ya inveta mara nyingi ina waya tano: volti 310 hadi 340 za nguvu, waya hasi wa pamoja, volti 15 za bodi yake, amri ya kasi, na mapigo ya kurudisha habari ya mzunguko. Plagi yake isichomolewe umeme ukiwa ndani. Cheche hiyo moja inaweza kuondoka na mota na bodi kwa pamoja.

Hapo ndipo gharama ya inveta ilipo. Bodi ni ya mtambo huo na toleo hilo, haibadilishwi na ya jirani. Na kosa baya kuliko yote ni kufunga bodi mpya bila kupima kompresa na feni: mota iliyogusana ndani ndiyo iliyoua bodi ya kwanza, na itaiua ya pili ndani ya sekunde. Fundi anayekuja na bodi mkononi bila kutoa multimeta, mrudishe.

Vipuri vya kubahatisha viepukwe zaidi kwenye mitambo ya gesi ya R290, ambayo ni propani, na hata R32 ambayo inashika moto kwa kiwango kidogo. Rilei na swichi zake zimechaguliwa zisitoe cheche mahali gesi inapoweza kukusanyika. Kontakta ya kawaida haina nafasi humo.

## Breka na kinga

Mtambo wowote kati ya hii upewe laini yake peke yake kutoka kwenye paneli, na swichi ya kukatia inayoonekana kutoka pale fundi anapofanyia kazi.

Breka ya aina B hukata kwa mkondo wa ghafla wa mara 3 hadi 5 ya kiwango chake, C mara 5 hadi 10, D mara 10 hadi 20. Kompresa ya kasi moja yenye mruko wa ampea 70 kwenye breka ya B ya ampea 16 inaweza kuwa inaiangusha kila asubuhi. C ndiyo ya kuanzia, D ikiwa mwongozo unasema. Kwa inveta, C inatosha karibu kila mara.

RCD, breka inayokamata umeme unaovuja, ndiyo inayotofautiana zaidi. Kasi moja haina masharti makubwa. Inveta inaweza kuvujisha mkondo wenye DC ndani yake, na RCD ya aina AC inaweza kuzibwa na DC hiyo isikate siku mtu anapopigwa. Aina A huvumilia DC laini hadi miliampea 6. F imetengenezwa kwa inveta za fezi moja. B ndiyo inayotajwa kwa nyingi za fezi tatu. Fuata mwongozo wa mtambo, na kama umeandika B usikubali A kwa sababu tu ni nafuu. Vichujio vya kelele ndani ya inveta navyo huvujisha kidogo kila wakati kwenda ethi. Ukiweka mtambo kwenye RCD moja ya miliampea 30 pamoja na friji na mashine ya kufulia, itakata ovyo na utaisingizia pampu.

Kinga ya mruko wa radi ya aina ya 2 kwenye paneli ni nyongeza nzuri kwa kasi moja. Kwa inveta ni lazima, hata pale sheria isiposema. Haifanyi kazi bila ethi nzuri, na waya wake wa kwenda ethi uwe mfupi, chini ya nusu mita pamoja na ule wa laivu.

## Hita ya akiba inayovuruga hesabu

Watu hulinganisha kompresa wakasahau kwamba mtambo mwingi una hita ya umeme ndani, na hiyo haijali kama ni inveta au la. Kilowati 6 kwa volti 230 ni ampea 26. Kilowati 9 ni ampea 39 kwa fezi moja, au 13 kwa kila fezi ukiwa na fezi tatu. Mara nyingi hita ndiyo inayoamua kama nyumba inahitaji kuongezewa uwezo wa umeme, wala si kompresa.

Hita iwe na breka na kebo yake. Mitambo mingine hutoa nafasi ya kuunganisha vyote kwenye laini moja. Kubali tu kama umejumlisha mikondo yote miwili, maana wakati wa kuyeyusha jalidi vyote hufanya kazi pamoja: vali imegeuzwa, feni ya nje imesimama, kompresa inazunguka, na hita inaitwa ili nyumba isipulizwe baridi.

Kwenye kasi moja W2 inaivuta rilei ya hita, na kosa ni rahisi kuliona: rilei imeshikana, au kidhibiti kimeachwa kwenye joto la dharura. Kwenye inveta hita huamriwa na bodi kwa kufuata kiwango cha joto la nje kilichowekwa siku ya kwanza, na mara nyingi kimeachwa juu mno. Kamata waya wa hita kwa kipima mkondo cha kubana siku ya nyuzi 8 nje, mtambo ukiwa umetulia na hauyeyushi jalidi wala kupasha maji ya kuoga. Kisome sifuri. Kikisoma ampea 13 au 26, ongezeko la bili limeshapatikana bila kufungua kifuniko cha kompresa.

Kitu kimoja kidogo zaidi kuhusu umeme wa kusubiri. Kompresa ya kasi moja mara nyingi ina hita ya umeme ya wati 30 hadi 70 ya kupasha mafuta yaliyo ndani yake, iliyofungwa kabla ya kontakta, kwa hiyo inakula saa 24. Wati 40 ni karibu uniti moja kwa siku. Inveta nyingi hupasha mafuta kwa kupitisha mkondo mdogo kwenye koili za mota yenyewe, pale tu baridi inapohitaji. Kwa vyovyote, mtambo uliozimwa kwenye paneli msimu mzima urudishiwe umeme angalau saa 12 kabla ya kuitwa kazini, gesi iliyojichanganya na mafuta ipate muda wa kutoka.

## Kabla ya kulipa

Omba picha ya kibandiko na mchoro wa nyaya. Kwenye kibandiko tafuta fezi na volteji, mkondo wa juu kabisa, breka inayopendekezwa, na LRA kama ni kasi moja. Kwenye mchoro angalia umeme unaingia upande gani. Mitambo mingine huulisha nje, mingine ndani. Ukijua baada ya ukuta kupigwa plasta, kebo nene itakuwa imefika upande usiotakiwa.

Kwa inveta uliza namba ya bodi ya nje na muda inaochukua kufika. Jibu likiwa ni miezi, na mafundi unaowafahamu hawajawahi kupima moduli ya transista, chukua kasi moja, weka kebo ya mm² 6, na ununue kapasita mbili za ziada siku hiyohiyo.